RAMANI YA UCHAGUZI YASEMA NINI, NAYO YAFICHA NINI?

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu. Kwa kuwa wengi walisimama nje wasisikie vizuri, twayachapa hapa kama yalivyosomwa.)



Tumepewa kazi ya kuzungumza juu ya ramani. Wengine wenu mlipoiona ramani ya Kanada imetundikwa ukutani mlitazamana, na mzee wetu mmoja aliyeketi karibu na mlango ametuuliza, tena kwa haki kabisa: "Nchi ya theluji yatuhusu nini sisi?"

Twamjibu hivi. Kanada huchagua wabunge wake kwa desturi ile ile ambayo Mwingereza aliiacha katika nchi nyingi, na zetu zimo. Kila jimbo la uchaguzi hutoa mtu mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake hutwaa kiti, hata akiwazidi kwa kura moja. Nchi yenyewe ni shirikisho la mikoa 10 yenye serikali zake na sehemu 3 za kaskazini, na mipaka ya majimbo ya Bunge la Shirikisho hupimwa upya kila baada ya miaka kumi. Wako ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia huko na ambao sasa ni wapiga kura wa huko. Lakini sababu kubwa ni kwamba hesabu za nchi ile ziko wazi: mpaka wa kila jimbo umechapwa, na kura za kila kituo zimechapwa. Mwenye macho na rula aweza kukagua. Ni rahisi kujifunza kwa mtu aliyefungua daftari lake kuliko kwa yule aliyelikalia.

Basi tutazame ramani. Hii ni ya uchaguzi wa tarehe 28 Aprili, 2025. Viti vilikuwa 343. Chama cha Liberal, ambacho rangi yake ni nyekundu, kilipata 169. Chama cha Conservative, rangi ya buluu, kilipata 144. Bloc Québécois kilipata 22, NDP, ambacho rangi yake ni ya machungwa, kilipata 7, na chama cha Green kilipata kimoja.

Sasa tuwaulize: mtu asiyejua kusoma hesabu, akiitazama ramani hii kwa mbali, atasema NDP kina nguvu kiasi gani? Tazameni pale juu kaskazini. Rangi ya machungwa imeenea kama mkeka. Pale ni Nunavut, sehemu iliyoanzishwa mwaka 1999, na yote ni jimbo moja tu la uchaguzi. Ukubwa wake wapita kilomita za mraba milioni 2, yaani karibu sehemu moja kwa tano ya nchi nzima ya Kanada. Na watu wake? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walikuwa 36,858, watoto wachanga wakiwemo. Kiti ni kimoja.

Njooni sasa huku chini, kando ya ziwa. Hapa penye alama ndogo kuliko ukucha ndipo ulipo mji wa Toronto. Mji huu peke yake una majimbo 24. Baadhi yake hayafiki kilomita za mraba 10. Mtu aweza kuyazunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wakazi wa mji huo katika hesabu ile ile walikuwa karibu milioni 2 na laki 8. Lakini jicho haliwaoni! Jicho laona barafu ya Nunavut.

Hili ndilo la kwanza tunalotaka mlishike. Ramani ya kawaida hupaka rangi ardhi, na ardhi haipigi kura. Mara ngapi tumewaona vijana wetu wakipita na karatasi iliyopakwa rangi wakisema, "Tazama, nchi yote ni yetu"? Kaka, umehesabu vichwa au umehesabu mapori? (Kicheko.) Wenzetu wachora ramani wamebuni dawa yake. Huchora vigae, kila jimbo kigae kimoja cha ukubwa mmoja, Nunavut kigae na kila jimbo la Toronto kigae. Sura ya nchi huharibika kidogo, mwambao huwa kama umekatwa kwa shoka, lakini nguvu za vyama huonekana kama zilivyo. Sisi twapendelea hiyo, ingawa kwa kweli haipendezi kutundikwa sebuleni.

Tuje kwenye mpaka wenyewe. Nani huushika ule wino?

Zamani Kanada waliushika wanasiasa. Mwaka 1882 Waziri Mkuu John A. Macdonald alipitisha sheria iliyokata upya majimbo ya mkoa wa Ontario, na shabaha yake ilijulikana: kuwarundika wafuasi wa chama cha upinzani ndani ya majimbo machache, ili washinde pale kwa kishindo na kushindwa kwingineko kote. Ujanja huo haukuwa wake peke yake. Huko Marekani, mwaka 1812, gavana wa Massachusetts aliyeitwa Elbridge Gerry alitia sahihi mipaka iliyopindapinda hata gazeti moja la Boston likachora jimbo moja kwa sura ya mnyama mwenye mabawa na kucha, likampa jina lililotokana na la gavana. Mpaka leo Waingereza na Wamarekani hulitumia neno lile kwa wizi wa namna hiyo.

Ilipofika mwaka 1964 Bunge la Kanada liliiacha kazi hiyo kwa sheria. Tangu hapo kila mkoa huwa na tume yake ya watu watatu. Mwenyekiti ni jaji, ambaye huteuliwa na jaji mkuu wa mkoa, na wawili wengine huteuliwa na Spika wa Bunge. Tume hupewa hesabu ya watu na idadi ya viti vya mkoa, hugawanya, kisha huanza kukata. Hutangaza ramani ya kwanza, hupita mijini na vijijini kuwasikiliza wananchi, hurekebisha. Wabunge nao waweza kulalamika, na malalamiko yao hupelekwa kwenye tume, lakini neno la mwisho ni la tume. Mipaka ya sasa ilitokana na hesabu ya mwaka 2021, ikatangazwa mwaka 2023, na ndiyo iliyotumika kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Viti vilitoka 338 vikawa 343.

Msidhani ya kwamba majimbo yote yana watu sawasawa. Sheria yasema jimbo lisizidi wala kupungua robo moja ya wastani wa mkoa wake, ila pakiwa na sababu isiyo ya kawaida. Labrador, kwa mfano, ina watu kama 27,000 tu, na imeachiwa kiti chake kwa sababu ya umbali na upweke wa nchi ile. Kisha kuna kisiwa cha Prince Edward. Katiba yasema mkoa usiwe na wabunge wachache kuliko maseneta wake, na kisiwa hicho kina maseneta 4. Basi watu 154,000 wana wabunge 4. Pigeni hesabu: kila mbunge pale ana watu chini ya 39,000, na mwenzake wa Ontario ana zaidi ya 116,000. Kura ya mtu wa kisiwani yabeba uzito wa kura tatu za Ontario. Je, ni dhuluma? Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilipoulizwa mwaka 1991 juu ya mipaka ya mkoa wa Saskatchewan ilijibu kwamba haki ya mpiga kura si usawa wa hesabu tu, bali ni kuwakilishwa kwa kweli kweli, na kwamba umbali wa nchi na umoja wa watu wa mahali huweza kufikiriwa. Sisi twakubaliana na jibu hilo, lakini twakiri ya kuwa ni mlango mpana, na mwenye hila aweza kupita humo.

Umoja wa watu wa mahali si maneno matupu. Huko New Brunswick wako Waakadi, watu wa asili ya Kifaransa. Tume ilipokata mipaka baada ya hesabu ya mwaka 2001 ilizitoa baadhi ya jumuiya zao katika jimbo la Acadie—Bathurst na kuzitia katika jimbo la Miramichi, ambako wengi husema Kiingereza. Hesabu zilikuwa nzuri zaidi. Lakini wenyewe walisema: tukipelekwa kule sauti yetu itamezwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2004 jaji akawapa haki. Mwaka uliofuata Bunge likarekebisha mpaka kwa sheria. Twapenda kulitaja jambo hili kwa sababu walioshitaki walikuwa watu wa kawaida walioisoma ramani mapema, wakaona mstari umepita wapi. Hapa kwetu, ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema mpaka wa jimbo letu unapita mtaa gani?

Sasa tufike Saskatchewan, maana pale ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi katika kutayarisha maneno haya.

Saskatchewan ni mkoa wa ngano, wenye viti 14. Ina miji miwili mikubwa, Regina na Saskatoon. Kwa muda mrefu kila mji ulikatwa kama mkate wa mviringo, vipande vinne, na kila kipande kikaunganishwa na mashamba makubwa ya nje. Hata majina ya majimbo yalionyesha: Saskatoon—Rosetown—Biggar ni mji mkubwa na miji midogo miwili ya mashambani katika jina moja. Watu wa mashambani walikipenda chama cha Conservative kwa wingi. Katika baadhi ya mitaa ya mijini NDP kilikuwa na nguvu. Kila kipande cha mji kilikuta kura zake zimezidiwa na za mashamba.

Mwaka 2011 NDP kilipata zaidi ya kura 32 katika kila mia za mkoa ule. Kilipata viti vingapi? Sifuri. Conservative kilitwaa 13, na Liberal 1. Watu thelathini na wawili katika mia, na ukitazama ramani ya viti hutawaona hata mmoja!

Tume iliyofuata ikasema ya kuwa miji hii sasa imekua, watu wake wana mambo yao, wastahili majimbo yao. Ikachora majimbo ya mjini. Haikupita kimya. Mmoja wa wajumbe watatu alikataa, akaandika maoni yake mbali, na watu wengi wa mashambani walilalamika kwamba mji na shamba vilizoea kukaa pamoja. Yale hayakuwa maneno ya kijinga. Mkulima naye anunua na kuuza mjini. Lakini tume ilishika njia yake.

Mwaka 2015 wakapiga kura ndani ya mipaka mipya. NDP safari hii kilipata kura chache, kama 25 katika mia. Kikapata viti 3! Kimoja kilikuwa cha jimbo kubwa la kaskazini, hicho kina habari yake nyingine. Lakini viwili vilikuwa Saskatoon West na Regina—Lewvan, majimbo yale yale ya mjini yaliyochorwa upya. Kura zilipungua, viti vikaongezeka. Hakuna aliyeiba sanduku. Hakuna aliyenunua kura. Mstari ulisogezwa tu.

Na mwaka 2019, mipaka ikiwa ile ile, Conservative kilitwaa viti vyote 14. Hili nalo mlishike, maana wako kati yetu wanaodhani mpaka mzuri ni ushindi uliokwisha kuandikwa. Mpaka hufungua mlango. Kuingia ni kazi ya miguu.

Nani aliyejua haya kabla ya siku ya kura? Waliojua ni waliofanya kazi moja ya uchovu ambayo twataka kamati yetu ijifunze. Mipaka ikibadilika, huchukui matokeo ya jimbo la zamani na kuyabandika juu ya jimbo jipya. Huna budi kushuka mpaka kwenye kituo. Kanada kila jimbo hugawanywa katika maeneo madogo ya vituo, na sheria yataka kila eneo liwe na wapiga kura wasiopungua 250. Unachukua kura za kila eneo dogo, unaziweka upande wa mpaka mpya zilipoangukia, unajumlisha upya. Mpaka ukipasua eneo moja katikati, unazigawa kura kwa kadiri ya wapiga kura waliobaki kila upande. Ofisi ya uchaguzi ya nchi ile hufanya hesabu hiyo yenyewe na kuitoa kwa wote, ili chama tawala na wapinzani waanze na daftari moja.

Kazi hii ina mtego wake. Si kila kura huhesabiwa katika kituo cha mtaa. Zile zinazopigwa siku za mapema huwekwa pamoja kwa maeneo kadhaa, na zile za posta huhesabiwa kwa jimbo zima. Mwaka 2025 waliopiga kura siku za mapema peke yao walikuwa kama milioni 7.3, zaidi ya theluthi ya wapiga kura wote waliojitokeza. Basi ukichora ramani ya mitaa kwa kura za siku ya mwisho tu, umewaacha nje watu hao wote, na pengine ndio wazee na wafanyakazi wa zamu. Ramani itakuwa nzuri kwa rangi, na ya uongo.

Ndugu zetu, sasa twafika kwenye jambo ambalo pengine halitawapendeza. Twazoea kusema kwamba tukipata kura nyingi tukakosa viti, basi mpaka umeibwa. Pengine umeibwa kweli. Lakini pengine sivyo. Mwaka 1979 mipaka ya Kanada ilikuwa imechorwa na tume hizi za majaji. Liberal kilipata kura 40 katika mia, na viti 114. Wapinzani wao wakiongozwa na Joe Clark walipata kura 36 katika mia, na viti 136, wakaunda serikali. Sababu yake nini? Kura za Liberal zilikuwa zimerundikana Quebec, ambako kilishinda viti 67 kati ya 75. Kushinda kwa kura elfu ishirini za ziada hakuleti kiti cha pili. Mwaka 1993 chama hicho cha Clark kilipata kura 16 katika mia nchi nzima, kikaambulia viti 2. Bloc Québécois, kwa kura chini ya 14 katika mia lakini zote Quebec, kilipata viti 54 na kuwa upinzani rasmi. Mwaka 2019 tena: Conservative kura 34, Liberal kura 33, lakini viti 121 kwa 157. Mwaka ule ule majimbo yote 25 ya Toronto yalikuwa mekundu, na huko Alberta 33 kati ya 34 yalikuwa ya buluu, ingawa karibu watu 14 katika kila mia wa Alberta walikipigia Liberal. Ramani iliwafuta wote hao. Watu wa magharibi wakaitazama ramani wakaanza kuzungumza habari za kujitenga.

Nasi wa mwambao hatukosi mfano wa jambo hilo. Zanzibar, Julai 1963: ASP kilipata zaidi ya kura 54 katika mia, na viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP kwa pamoja walipata viti 18, wakaunda serikali. Tangu siku ile watu wameshindana kama ulikuwa mpaka au ulikuwa mrundikano wa kura za ASP katika ngome zake. Wenye kutaka kujua wasikisie. Wachukue majimbo yote 31, waandike kura za kila chama na ziada ya kila mshindi, waone ziada imelala wapi. Ndivyo ilivyo kazi yenyewe, na yafanyika kwa penseli.

La mwisho ni hili jimbo dogo la Terrebonne, karibu na Montreal. Mwaka 2025, usiku wa kura, Liberal kilitangazwa mbele. Hesabu zilipokaguliwa, Bloc kikawa mbele kwa kura 44. Zilipohesabiwa tena mbele ya jaji, Liberal kikashinda kwa kura moja: 23,352 kwa 23,351. Baadaye ikajulikana kwamba kuna mtu aliyepiga kura yake kwa posta, ikamrudia, kwa sababu anwani iliyochapwa juu ya bahasha ilikuwa na kosa. Shauri likapelekwa mahakamani. Wazee wa Pemba waliomo humu wamekwisha kutabasamu, maana wanaikumbuka Chake Chake ya Januari 1961, ASP 1,538 na ZNP 1,537.

Kwenye ramani iliyochapwa baada ya hesabu ile, Terrebonne ni nyekundu sawasawa na jimbo lililoshindwa kwa kura elfu kumi.

Ramani tutaiacha ukutani mpaka Jumapili. Vitabu vya vituo viko mezani kwa karani, na rula ziko mbili, twaomba zirudishwe.